Mzee Taratibu, Mkata Chuma wa Zamu ya Asubuhi

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, familia imenipa mimi, binti yake wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Baba mdogo ameniomba niwe mfupi kwa sababu jua linapanda na wazee wamekaa kwa muda mrefu, nami nimemsikia, lakini huyu tunayemsindikiza leo hakuwahi kuharakishwa na mtu yeyote alipokuwa hai, na mimi sina ubavu wa kumharakisha leo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, chumba kimoja kikiwa cha watu na kingine cha vitambaa vya wateja, na vitambaa ndivyo vilivyopewa chumba kikubwa. Bibi yetu, alipokuwa hai, hakuacha kutusimulia kwamba mimba ya huyu ilipitiliza, mkunga akaja akaondoka, akaja tena akaondoka, mpaka babu akaanza kumlaumu mkunga, na mtoto alipotoka hatimaye alitoka kimya, akatazama watu kwanza, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya soko kuanzia Januari 1969 hadi mwaka 1975, akiwa hodari wa hesabu na mzito wa kuandika, si kwamba hakujua, ila alitaka kila herufi ikae sawa kabla hajaenda kwenye nyingine, hivyo mitihani mingi ilikusanywa akiwa katikati ya jibu. Baada ya hapo alikaa nyumbani miaka miwili akimsaidia baba yake kukata vitambaa, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alisomea ufundi wa vyuma na kupata cheti mwezi Novemba 1979.

Mnamo Februari 1980 aliajiriwa katika karakana ya vyuma iliyo karibu na stesheni ya reli, wengi wenu mnaifahamu maana mmefanya kazi humo, karakana ambayo hukata shafti, mabomba na mihimili kwa vipimo vya wateja na kuvipeleka kwa mafundi wengine. Hakuanza na mashine, alianza na ufagio, akifagia taka za chuma zinazodondoka chini ya msumeno, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutazama, alijifunza kuzisoma taka hizo kabla hajaruhusiwa kugusa swichi, akajua kwamba zikitoka zimejikunja vizuri na hazichomi mkono basi msumeno una raha, zikiwa unga msumeno unasugua badala ya kukata, na zikigeuka rangi ya bluu kuna kitu kinaungua na mtu aseme mapema. Julai 1983 mkataji wa zamani alistaafu, baba akakabidhiwa mashine.

Kwa wale wasioijua kazi hii, msumeno wenyewe ni ukanda mrefu wa chuma wenye meno upande mmoja, umeungwa ncha kwa ncha, unazunguka kwenye magurudumu mawili huku ukishuka juu ya chuma kilichobanwa kwenye jiriwa. Ni kitu cha ajabu, kwa maana misumeno miwili ikitoka sanduku moja, mmoja unaweza kukaa majuma mengi na mwenzake ukafa siku ile ile, na hilo ndilo lililomnyima baba usingizi alipokuwa kijana. Kila msumeno uliokufa aliufanyia uchunguzi wa maiti, mnisamehe kwa neno hilo leo, lakini ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, aliulaza kwenye meza, akapitisha kidole polepole mgongoni mwake, kisha akatangaza sababu ya kifo kama daktari. Huu ulikosa maji ya kupoozea, huu ulikazwa mno, huu haukukazwa ukawa unatangatanga, huu ulipewa bomba jembamba wakati meno yake ni ya chuma kinene, meno yakanasa yakang'oka, na huu mtu alilegeza jiriwa, chuma kikacheza katikati ya kukata, hapo hata Mungu asingeuokoa. Mara chache sana alisema kwamba msumeno umekufa kwa uzee, na siku aliyosema hivyo alifurahi mpaka jioni.

Jina la Taratibu alilipata humo humo karakana, tena halikuwa la sifa. Msumeno mpya una meno makali mno, makali kiasi cha kuwa dhaifu, na ukiusukuma kwa nguvu siku ya kwanza zile ncha zinavunjika, zikishavunjika hivyo hata ukiubembeleza msumeno vipi baadaye hauponi tena, lakini ukiuanza kwa mkono mwepesi ncha zinalainika kidogo kidogo na msumeno unadumu. Wengine walilijua jambo hilo kama yeye, tofauti ni kwamba wao waliona aibu kuonekana wamesimama mbele ya mashine inayoshuka kama imesinzia ilhali mteja anasubiri mlangoni, na yeye aibu hiyo hakuwa nayo.

Sasa nafika kwenye ndoa, na mama amekaa hapa mbele yenu, kwa hiyo nikikosea atanirekebisha hapa hapa, mnamjua. Mwezi Agosti 1988 kazi ilikuwa nyingi, karakana ikaanzisha zamu ya pili, kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku, akaletwa msichana kutoka karakana nyingine, mwepesi wa mkono na mwepesi wa ulimi pia, aje ashike mashine ile ile baba akiiacha. Kwa majuma ya mwanzo hawakuonana, maana baba alitokea mlango wa nyuma na yeye aliingilia wa mbele, walijuana kwa jinsi kila mmoja alivyoiacha mashine. Siku moja akafika akakuta chuma kingi kimelala chini hakijakatwa, akauliza huyu wa asubuhi amefanya nini kutwa nzima, akapanda moja kwa moja kwa fomeni akasema kwamba amechoka kumalizia kazi ya mtu anayelala akiwa amesimama.

Kesho yake fomeni akawaita wote wawili mbele ya mashine, na ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kutazamana usoni. Mama akatoa mashtaka yake yote bila kumeza mate, watu wakaacha kazi wasikilize, na baba akamsubiri amalize, hakujitetea kwa fomeni wala hakupandisha sauti, alisema hivi tu, "Dada, msumeno ulikuwa mpya. Nilikuwa nakulainishia wewe."

Mama anasema hakumwamini, alidhani ni maneno matamu ya wanaume, lakini msumeno ule ulikata wiki baada ya wiki bila kulalamika, na wakati wa mapumziko akaanza kuuliza uliza watu habari za yule bwana. Tangu siku hiyo marehemu alihakikisha kila msumeno mpya unafungwa asubuhi, ili zile saa za kukata polepole zimwangukie yeye, na jioni mwenzake aukute umeshakubali kazi, na kwa sababu hiyo ubao wa hesabu ya kazi ulionyesha kila mwezi kwamba binti wa zamu ya pili amempita mwanamume wa zamu ya kwanza. Wenzake walimcheka wakachoka. Na mama naye, bila kuombwa mara mbili, alianza kuulegeza msumeno kila anapofunga kazi, ili usilale umekazwa usiku kucha ukapata nyufa, akaisugua brashi ya kuondolea taka na kujaza maji, hivyo baba akija asubuhi alikuta mashine imeachwa na mtu aliyekuwa akimfikiria. Akaanza kumwita Jioni. Akaacha pia kutumia mlango wa nyuma, na mlinzi wa geti, ambaye yupo hapa na amezeeka vizuri, anakumbuka kwamba ilipokaribia saa nane bwana huyu ambaye hakuwahi kukimbia alikuwa akikimbia.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990. Fomeni, kama zawadi, aliahidi kumhamishia mama stoo afanye kazi asubuhi ili mume na mke watoke na kurudi pamoja, wakashukuru, wakasema nafasi ikipatikana watafurahi, lakini nafasi ilipopatikana nilikuwa nimeshazaliwa mimi, tarehe 23 Mei 1992, na hapakuwa na mtu wa kunilea. Wakakaa wakapiga hesabu, wakaona kwamba wakibaki kwenye zamu zao, saa zote patakuwa na mzazi mmoja nyumbani, mtoto hatalelewa na mtu baki. Wakakubaliana waendelee hivyo kwa muda.

Kwa muda, ndugu zangu. Mwaka 1995 akazaliwa mdogo wangu wa kiume, ambaye leo ni mchomeleaji, na mwaka 2001 akazaliwa kitindamimba wetu, ambaye ni mwalimu, na sote watatu tulikabidhiwa getini kama spana, mama anafika ametubeba, baba anatoka anatupokea, wanaulizana kama homa imeshuka, kama mafuta ya taa yamenunuliwa, kama msumeno ni mpya au wa zamani, na kengele inalia. Mlinzi alikuwa akigeuka kuangalia barabara hata kama barabarani hapakuwa na kitu, ili wapate dakika zao.

Tulikua katika nyumba moja iliyokuwa na tabia mbili. Asubuhi ilikuwa nyumba ya mama, yenye redio na kelele na nguo zinazoanikwa, na mchana ikageuka nyumba ya baba, yenye utulivu na daftari za shule zikikaguliwa mstari kwa mstari, na chakula kilichoiva kwa moto mdogo hata tukasinzia tukikisubiri. Alinisuka nywele kwa miaka minne, na niseme ukweli mbele ya kaburi lake, alisuka vibaya, ila mistari ilikuwa imenyooka. Mama akirudi usiku baba ameshalala, kwa sababu alfajiri alitakiwa kuamka, na baba akiamka mama ndiyo kwanza usingizi umemkolea, anavaa gizani asimwamshe. Jumapili ilikuwa yao kwa jina tu, maana ilikuwa ya kufua, ya wagonjwa, ya vikao vya ukoo, na ya nyinyi wajomba mliokuwa mkija kula mchana mkaondoka giza limeingia.

Sisi watoto ndio tuliobeba salamu. Mwambie mama mlango wa nyuma unakwama, mwambie baba shangazi anaumwa, na mdogo wangu wa kiume, alipokuwa na miaka sita au saba, akaanza kuongeza chumvi, akimaliza habari ya mlango anasema, na baba anasema amekukumbuka. Mama akamuuliza kama kweli baba amesema hivyo, naye akaapa. Baadaye mama akamuuliza baba getini, na baba, ambaye hakuwa ametamka neno hilo kabisa, hakumkana mtoto.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini hahami zamu, akaniambia watahama kitindamimba akiingia shule, akaingia, kisha akasema akimaliza, akamaliza, kisha ikawa nyumba haijaezekwa upande wa nyuma, ikaezekwa, kisha ikawa hakuna wa kumwachia mashine ambaye hataiua misumeno kwa haraka zake. Nilikasirika sana wakati ule kwa niaba yao, na bado hasira hiyo ninayo, kwa sababu sisi watatu hatukuwahi kurudi nyumbani tukakuta mlango umefungwa, na wao wawili walikuwa wakipishana kila siku ili sisi tusikose mtu. Naliwaza jambo hilo ninapowatazama wanangu mwenyewe, na sijui niliseme namna gani zaidi ya hapo.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2021. Mama alikuwa na miaka mingine mitano mbele yake, na kwa mwaka mzima na zaidi baba alimsindikiza getini kila mchana kisha akarudi nyumbani peke yake, mpaka mama mwenyewe akaenda ofisini akaomba kuacha kazi kabla ya wakati, na siku yake ya mwisho ikawa Ijumaa, tarehe 29 Julai 2022. Tulifanya sherehe ndogo, tukanunua viti viwili vya kukalia barazani, tukajipongeza.

Lakini wazee wetu walikuwa hawajui kukaa pamoja. Majuma yale ya mwanzo, ikifika saa nane mchana baba anasimama, anavaa viatu, anatoka nje kumpisha mama kama alivyompisha kwenye mashine, anazunguka mtaani bila shughuli mpaka majirani wakadhani wamegombana, na mama naye asubuhi anajifungia chumbani asimsumbue mwenye zamu. Walichemsha chai mara mbili, kila mtu yake. Mama aligundua kwamba mumewe hupiga mluzi anapokula, jambo ambalo sisi watoto tulilijua tangu utotoni, akatupigia simu kutuuliza kama ni ugonjwa. Baba akagundua kwamba mkewe huzungumza na redio na kubishana nayo. Tulicheka, na wao walicheka, na taratibu, kwa kweli taratibu sana, ikatokea siku saa nane ikapita na baba hakusimama. Mama alituambia habari hiyo kama mtu anayetangaza kwamba mtoto amepiga hatua.

Februari 2023 marehemu alianza kusikia maumivu upande wa tumbo, akavumilia kama kawaida yake, mpaka tarehe 20 Machi tulipompeleka hospitali kuu, ambako vipimo vilionyesha uvimbe kwenye kongosho. Daktari alituita ndani, akatueleza kwa upole kwamba ugonjwa hautapona, ila ipo tiba inayoweza kuongeza muda, huenda mwaka, huenda zaidi, nayo ingemtaka alazwe kwa miezi mingi katika wodi ambayo ndugu huruhusiwa kuingia saa moja tu kwa siku. Sisi watoto tulishakubali kabla hajamaliza kusema, na mama alikuwa wa kwanza kati yetu kukubali, akaanza palepale kuuliza aje na shuka ngapi. Baba akamsubiri kila mtu amalize, kama alivyofanya siku ile mbele ya fomeni, ndipo akasema, "Daktari, mimi na huyu tumeonana getini miaka thelathini. Sitaki tena kuonana naye kwa saa ya kutembelea wagonjwa."

Tulimbembeleza. Nilimpandishia sauti, nikamwambia anatunyang'anya mwaka mzima. Mama alitaka miaka, hata iwe ya kumwona kupitia dirishani, na baba alitaka siku, hata ziwe chache, ila ziwe nzima, na katika ndoa yao yote sijui kama waliwahi kubishana hivyo, pengine kwa sababu hawakuwahi kupata nafasi ya kubishana. Mwishowe mama akapiga moyo konde, akachukua dawa za maumivu alizoandikiwa, akamshika mkono, wakarudi nyumbani kwa miguu yao.

Kuanzia Aprili hadi Oktoba waliishi humo. Nilikuwa nikienda kila wiki, na mara nyingi niliwakuta kwenye vile viti wamekaa tu, mama ameliweka blanketi la baba magotini mwake mwenyewe pia ili liwatoshe wote, na nilipoingia walinitazama kama mgeni aliyekuja mapema. Sikuwahi kuwaonea wivu wazazi wangu kabla ya hapo. Mwishoni mwa Oktoba baba hakuweza tena kutoka kwenda kukaa barazani, na Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa kitandani kwake na mkewe amelala pembeni yake, baba yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inamshukuru daktari wa hospitali kuu, ambaye hakukasirika alipokataliwa, badala yake alimwandikia baba dawa za kutosha na kupiga simu kujua hali yake, pamoja na muuguzi aliyekuja nyumbani mara mbili kwa wiki akivuka tope la mtaa huu. Tunawashukuru majirani, hasa mama wa nyumba ya kona, aliyekuwa akitushika sisi watoto siku ambazo mmoja alichelewa kutoka na mwingine hawezi kuchelewa kuingia. Tunawashukuru wafanyakazi wa karakana kwa jeneza, kwa usafiri, na kwa kuizima mashine jana kutwa nzima, tunajua mna kazi za watu.

Jana mchana nilimsomea mama karatasi hii ili aikague kabla sijaileta mbele yenu. Nilikuwa nimeandika kwamba yeye na marehemu waliishi pamoja karibu miaka thelathini na mitatu, akanisimamisha, akasema hiyo ni miaka ya kuoana, si ya kuishi pamoja, nifute. Nilifuta, nikamuuliza basi niandike nini mahali pale. Alikitazama kile kiti kingine, kisha akasema, "Andika kwamba nilikuwa bado sijamzoea."

Mzee Taratibu, mume wa Jioni, baba yetu, upumzike kwa amani.